Benki ilikataa dai langu la bima ya kadi, nikaijibu kwa karatasi zake yenyewe

Barua ya benki ilikuwa ndefu, lakini kiini chake kilikuwa aya moja: tumelichunguza dai lako, hatuoni kwamba uliuziwa bima isivyostahili, kwa hiyo hatulikubali. Hapa Uingereza nawafahamu watu wengi, hasa sisi tuliotoka Afrika Mashariki tukaja kufanya kazi za kuhudumia wazee, waliopata barua ya namna hiyo na wakaishia hapo. Benki ikishasema hapana, mtu anaona hukumu imetoka. Mimi nasema kwa moyo wangu wote: ile si hukumu. Ni maneno ya upande mmoja, tena upande ambao ukishindwa ndio utakaolipa. Na maneno ya upande mmoja hujibiwa.

Kuna bima za kadi za aina mbili ambazo watu huzichanganya. Moja ni ya kadi kuibwa au kupotea. Hiyo nayo ilikuwa na kashfa yake. Novemba 2012 FSA, mamlaka iliyosimamia huduma za fedha wakati huo, iliitoza kampuni iliyokuwa ikiiuza faini ya pauni milioni 10.5, kwa kuwa wateja waliambiwa wanahitaji kinga ya hadi pauni 100,000 dhidi ya wizi wa kadi, ilhali hasara ya namna hiyo kwa kawaida hubebwa na benki. Ya pili, ambayo ndiyo iliyonihusu, ni bima ya kulinda malipo, inayojulikana hapa kwa herufi tatu tu, PPI. Ukiugua au ukipoteza kazi, bima inakulipia sehemu ya deni la kadi. Kwa maneno hayo matupu ni jambo jema. Ubaya uko katika nani aliuziwa, aliambiwa nini, na alikatwa kiasi gani.

Yangu ilikuwa peni 79 kwa kila pauni 100 za deni, kila mwezi. Ukiitazama hivyo ni kama si kitu. Lakini kadi yangu ilikuwa na deni la kama pauni 2,000, kwa hiyo bima ilikuwa pauni 15 na peni 80 kwa mwezi, karibu pauni 190 kwa mwaka. Na hazikutoka mfukoni moja kwa moja. Ziliongezwa juu ya deni, kisha deni lote likatozwa riba, na mwezi uliofuata bima ikapigwa tena juu ya deni lililokwisha kuvimba. Nilikuwa nalipa riba juu ya bima, na bima juu ya riba, miaka nenda miaka rudi.

Kadi niliichukua tawini mwaka 2005. Nilikuwa nafanya kazi kupitia wakala wa ajira: leo nyumba hii ya wazee, kesho ile, wiki nyingine zamu tano, wiki nyingine moja. Kijana wa benki alinihoji, akawa anaandika kwenye kompyuta, akachapisha fomu, akanionyesha pa kusaini. Kuhusu bima alisema wateja wengi huichukua na kwamba inasaidia. Nami nilitoka pale nikiamini ni sehemu ya kadi.

Mwaka huohuo, mwezi Septemba, shirika la ushauri la Citizens Advice lilipeleka malalamiko rasmi serikalini kuhusu jinsi bima hizi zilivyokuwa zikiuzwa. Sisi wa zamu za usiku hatukuwa na habari. Miaka ikapita, mabenki yakaenda mahakamani kupinga masharti mapya ya kushughulikia malalamiko, yakashindwa Aprili 2011, na tangu hapo malipo yakaanza kumiminika. Hadi mambo yanafungwa, fidia iliyolipwa nchini ilizidi pauni bilioni 38. Ni fedha nyingi mno kwa mtu kudhani kwamba anayedai ni mkorofi anayetafuta cha bure.

Aliyeniamsha ni dada mmoja tuliyekuwa tukifanya naye kazi. Ilikuwa enzi za lile tangazo la FCA, mamlaka iliyorithi kazi ya FSA, lenye kichwa cha mwigizaji Arnold Schwarzenegger, likihimiza watu waamue kabla ya tarehe 29 Agosti 2019, siku ya mwisho ya kupokea malalamiko ya PPI. Akaniambia, "Mdogo wangu, acha kupokea simu za hawa wanaotaka kukudaia. Kaangalie taarifa zako za kadi za zamani. Ukiona mstari wa bima, andika mwenyewe." Kampuni za kudai kwa niaba ya watu zilikuwa zinapiga simu mchana na usiku. Kuanzia Julai 2018 sheria iliziwekea kikomo cha asilimia 20 ya fidia, na juu yake kodi ya VAT. Kabla ya hapo zilijichotea zaidi. Na kazi waliyokuwa wakiifanya ni ileile ambayo mtu anaweza kuifanya akiwa mezani kwake na kalamu.

Niliandika. Benki ina wiki nane kutoa jibu la mwisho, na jibu likaja ndani ya muda huo: hapana.

Hasira ilinipanda, lakini baada ya siku mbili tatu niliisoma barua ile upya nikiwa nimetulia, nikapigia mstari kila sababu. Zilikuwa tatu. Kwanza, kwenye fomu kisanduku cha bima kina alama, kwa hiyo niliichagua mwenyewe. Pili, hakuna mtu aliyenishauri niinunue. Nilipewa maelezo nikaamua kwa hiari yangu. Tatu, nilikuwa na ajira, nilifanya kazi zaidi ya saa 16 kwa wiki kama bima ilivyotaka, na mwajiri hakuwa akinilipa nikiugua, kwa hiyo bima ilinifaa.

Mwishoni kulikuwa na kitu cha nne, kilichovaa sura ya ukarimu. Ingawa dai limekataliwa, benki itanirudishia kiasi kidogo kwa sababu ya kamisheni. Hili ni jambo ambalo watu wengi halikuwaelea, na naomba nikae nalo kidogo. Novemba 2014 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kesi ya mjane mmoja, Bi Susan Plevin, aliyeuziwa PPI pamoja na mkopo. Asilimia 71.8 ya fedha alizolipia bima zilikuwa kamisheni ya waliomuuzia, na hakuambiwa. Mahakama ikaona kumficha mteja kamisheni kubwa kiasi hicho kunaufanya uhusiano wake na mkopeshaji usiwe wa haki. Baada ya hapo FCA ikaweka utaratibu: kamisheni ikizidi nusu ya ada ya bima na mteja hakuelezwa, ile iliyozidi irudishwe, hata kama bima yenyewe iliuzwa vizuri, mradi mkopo ulikuwa bado hai Aprili 2008 au baadaye.

Maana yake ni kwamba kuna madai mawili tofauti. La kamisheni hurudisha sehemu tu. La kuuziwa isivyostahili hurudisha ada zote, na riba iliyotozwa juu yake, na fidia ya kukaa bila fedha zako. Benki inapokukatalia hili la pili na kukupa lile la kwanza ndani ya bahasha moja, mtu anaona amepata kitu, anashukuru, anafunga faili. Mimi niliwaandikia mistari michache: kiasi hicho nakipokea kwa upande wa kamisheni tu, hakimalizi malalamiko yangu kuhusu jinsi bima ilivyouzwa. Nikabaki na nakala.

Kilichofuata ndicho kilichobeba kesi nzima, nacho hakina utaalamu wowote. Niliiomba benki kila kitu inachohifadhi kunihusu. Tangu sheria mpya ya data ya Mei 2018 ombi la namna hiyo ni la bure na wana mwezi mmoja kulijibu. Zamani waliruhusiwa kukutoza hadi pauni 10. Sikueleza kwa nini nataka, kwa kuwa hailazimu. Niliandika jina, anwani za zamani, namba ya kadi, na maneno haya: taarifa zote za kadi za kila mwezi, nakala ya fomu ya maombi ya 2005, kumbukumbu za mazungumzo ya simu na maandishi ya wahudumu, na kijitabu cha masharti ya bima kilichokuwa kikitumika siku niliyosaini.

Kifurushi kilikuja kizito. Nilianza na fomu.

Jina langu lilikuwa limechapwa kwa mashine. Anwani imechapwa kwa mashine. Kwenye kisanduku cha bima palikuwa na herufi X, nayo imechapwa kwa mashine, wino uleule, ukubwa uleule. Chini kidogo palikuwa na kisanduku kingine, cha kukataa kutumiwa matangazo, na humo mlikuwa na mstari wa kalamu uliolala upande kama ninavyoandika mimi hadi leo. Kisha saini yangu, moja tu, kwa ukurasa mzima. Yaani kitu pekee nilichokichagua kwa mkono wangu kwenye ile fomu ni kukataa matangazo. Bima ilikuwa imeshachaguliwa karatasi ilipotoka kwenye mashine.

Nilidhani nimeshashinda. Nikaendelea kusoma, na kwenye mstari wa aina ya ajira nikakuta neno moja limechapwa: ya muda. Benki ilijua. Ilijua siku ileile, kwa maandishi yake yenyewe, kwamba sikuwa na kazi ya kudumu. Wakati huo sikuona uzito wa neno lile. Macho yangu yalikuwa kwenye ile X.

Kijitabu cha masharti nacho kilikuwa na mambo yake. Nilikisoma chote, kisha ukurasa wa mwisho, chini kabisa, kwa maandishi madogo, nikaona tarehe ya kuchapwa: 2009. Hicho si kijitabu changu. Masharti ya bima hizi yalibadilishwa mara kwa mara, mara nyingi kwa kulegezwa, na kumjibu mtu wa 2005 kwa masharti ya 2009 ni kumpima kwa nguo ya mwingine. Nikarudisha barua, nikaomba cha 2005. Kikaja, bila maelezo yoyote. Tafadhali ndugu yangu, ukipewa masharti, anza na tarehe.

Cha 2005 nilikisoma nikiwa na kalamu nyekundu na maisha yangu ya mwaka ule. Namaanisha hivyo hasa. Kila sharti nilijiuliza: mimi, siku ile, kazi ile, mwili ule, lingenihusu vipi? Kwenye kupoteza kazi, bima haikulipa iwapo kazi iliyoisha ilikuwa ya muda. Zamu zangu zote zilikuwa za muda. Kwenye ugonjwa, haikulipa kwa tatizo lolote ulilomwona nalo daktari katika miezi 12 kabla ya kuanza bima. Na maumivu ya mgongo, hata mapya, hayakulipiwa mpaka kuwe na ushahidi wa picha za hospitali au vipimo vinavyoonyesha kasoro.

Aliyewahi kuhudumia wazee ameshaelewa. Kazi yetu ni mgongo. Unamwinua mzee kitandani, unamgeuza, unamwogesha, unamshika asianguke. Tunaoacha kazi kwa ugonjwa, wengi wetu tunaangushwa na mgongo, na maumivu mengi ya mgongo hayaonekani kwenye picha. Nikaomba kumbukumbu zangu kwa daktari wangu, bure vilevile. Zilionyesha kwamba mwishoni mwa 2004, miezi michache kabla ya kadi, nilikwenda kwa maumivu ya kiuno baada ya kumwinua mgonjwa. Mstari mmoja tu, na tarehe.

Hapo ndipo ile sababu ya tatu ya benki ilipogeuka. Walisema bima ilinifaa kwa kuwa nilikuwa na ajira na sikuwa na malipo ya ugonjwa. Ni kweli, nilihitaji kinga kuliko mtu mwenye kazi ya kudumu. Lakini kinga waliyoniuzia ilikuwa na matundu mahali hasa hatari ilipokuwa: kazi ikiisha hailipi, maumivu ya kiuno yakirudi hailipi. Kutimiza sharti la saa 16 kulinipa haki ya kukatwa fedha. Haki ya kulipwa ni jambo jingine.

Barua ya kukataliwa ilitaja, kama sheria inavyotaka, kwamba nisiporidhika naweza kwenda Financial Ombudsman Service ndani ya miezi sita tangu tarehe ya barua. Huyu ni msuluhishi huru wa migogoro ya fedha, aliyewekwa kwa sheria ya mwaka 2000, na mteja halipi hata peni. Miezi sita inaonekana mingi. Dada yuleyule aliyeniamsha, dai lake mwenyewe pia lilikataliwa, akaiweka barua kwenye droo akisema ataishughulikia likizo. Alipoitoa muda ulikuwa umepita. Msuluhishi anaweza kupokea lililochelewa kwa sababu nzito kama ugonjwa, lakini shughuli nyingi si sababu nzito machoni pake. Hadi leo jambo hilo linaniuma, kwa sababu dai lake naona lilikuwa na nguvu kuliko langu.

Barua yangu kwa msuluhishi niliiandika mara kadhaa. Ya kwanza ilikuwa ya machungu. Ilieleza nilivyokuwa mgeni, nilivyomwamini kijana wa benki, maneno aliyosema. Yote kweli. Lakini nilipoisoma nikijiweka katika nafasi ya mtu asiyenijua, niliona hana namna ya kujua kama ni kweli. Hakuna kinasa sauti cha mwaka 2005. Kijana atasema hakumbuki, benki itasema watumishi wake walifundishwa vizuri. Basi nikazipanga sababu tatu za benki, na chini ya kila moja nikaweka karatasi inayoijibu. Sehemu ya tatu ilianza hivi: "Benki inasema bima ilinifaa. Naomba usome fomu ya benki, mstari wa aina ya ajira, kisha usome masharti ya 2005 kuhusu kazi za muda. Benki ilikuwa na karatasi zote mbili siku iliyoniuzia." Machungu niliyabakiza aya moja, mwishoni, kwa sababu nayo ni haki yangu.

Halafu kusubiri. Kulikuwa na foleni kubwa ya kesi za PPI, na sina la kusimulia hapo zaidi ya kwamba kusubiri kulikuwa kurefu.

Mchunguzi wa ofisi ya msuluhishi aliponipigia simu aliuliza maswali ya upole lakini ya ndani. Hakuuliza sana kuhusu X. Aliuliza, "Mwaka 2005, kama mwezi mzima ungepita bila kuitwa zamu, ungelipwa na nani?" Nikasema hakuna. "Na ulijua kwamba bima hii isingekulipa?" Nikasema, kama ningejua, ningelipia nini? Akanyamaza kidogo, akaandika.

Alitoa maoni kwamba dai langu likubaliwe. Benki ikakataa. Haki hiyo inayo, na kesi hupanda kwa msuluhishi mwenyewe atoe uamuzi wa mwisho. Hoja yao mpya ilikuwa ya werevu, na ninaitaja kwa sababu inatumika sana: hata kama mambo yasiyofidiwa hayakuelezwa vizuri, mteja huyu angeinunua bima hii vilevile, maana hakuwa na akiba wala malipo ya ugonjwa. Wanakubali nusu ya kosa, kisha wanasema halikuleta madhara.

Jibu nililipata kwenye taarifa za kadi walizonitumia wao. Mwezi baada ya mwezi nilikuwa nalipa kiwango cha chini kabisa kinachoruhusiwa. Sehemu kubwa ya hicho kidogo ilikuwa inaliwa na bima na riba. Niliandika kwamba mtu anayehesabu peni kiasi hicho, akielezwa wazi kuwa kazi yake ikiisha hatalipwa na kiuno chake hakitalipiwa, hatoi pauni 15 kila mwezi. Nikaambatanisha taarifa za mwaka mzima na kuzipigia mstari.

Uamuzi ulifika mwaka 2020 ulipoanza. Nilishinda, lakini si kwa njia niliyoitegemea, na hapa ndipo nilipojifunza zaidi kuliko pengine pote. Kuhusu ile X, msuluhishi alisema haitoshi. Inawezekana kijana aliniuliza nikasema ndiyo kwa mdomo, naye akaichapa. Pasipo ushahidi wa upande wowote anaangalia kipi kina uwezekano mkubwa zaidi, na hapo mizani haikulala. Kuhusu kushauriwa au kutoshauriwa, akasema vivyo hivyo. Niliumia kidogo kusoma hivyo, kwa kuwa nilikuwa nimeibeba X ile moyoni. Kilichoiangusha benki ni neno lile lililochapwa kwenye mstari wa ajira. Akasema hata kama benki haikunishauri, ilikuwa na wajibu wa kunipa maelezo yaliyo wazi na yasiyopotosha ili niamue nikiwa najua. Tangu Januari 2005 uuzaji wa bima za jumla ulikuwa chini ya kanuni za FSA, kwa hiyo wajibu ule haukuwa hisani. Benki ilijua ajira yangu ni ya muda, masharti yaliikata ajira ya muda, na hakuna karatasi hata moja iliyoonyesha kwamba niliambiwa hivyo kwa namna ya kueleweka. Mgongo ukaongezewa juu yake. Na kuhusu kama ningeinunua vilevile, alitaja zile taarifa za kiwango cha chini.

Hii ndiyo sababu nikimwona mtu mwenye barua ya kukataliwa simwulizi kwanza waliongea nini siku ya kuuziwa. Namwuliza: kazi yako ilikuwa ya aina gani siku ile? Ulikuwa na ugonjwa gani? Masharti ya mwaka ule yanasemaje? Maneno ya mezani huyeyuka, masharti na fomu hubaki. Dirisha la PPI lilifungwa tarehe ile ya Agosti 2019, lakini njia yenyewe iko palepale kwa bima nyingine, na akaunti za benki zenye ada ya mwezi zilizofungashwa na bima usizozihitaji: malalamiko kwa kampuni, wiki nane, jibu la mwisho, miezi sita, msuluhishi. Anayeona Kiingereza chake hakitoshi aombe mkalimani, huduma hiyo ipo.

Uamuzi wa msuluhishi, mteja akiukubali, unaifunga benki. Mteja asipoukubali, mlango wa mahakama bado uko wazi kwake. Mimi nilikubali, nikasaini, nikarudisha.

Hesabu ya fidia ilikuja kwenye jedwali, nayo inafaa kukaguliwa. Kwenye kadi hawarudishi tu ada. Wanaijenga upya akaunti yako kana kwamba bima haikuwahi kuwekwa, mwezi kwa mwezi, ili riba iliyotozwa juu ya bima nayo itoke. Halafu kwa kipindi ambacho baada ya hesabu hiyo ungekuwa na fedha zako mkononi, wakati huo waliongeza riba ya asilimia 8 kwa mwaka, ya kawaida, isiyozaa riba nyingine. Nililinganisha jedwali na zile taarifa za kila mwezi, nikakuta miezi michache ya 2006 haipo. Nikawatumia nakala. Wakarekebisha, na kiasi kile kidogo cha kamisheni walichokwisha kunipa wakakitoa kwenye jumla, jambo ambalo ni haki yao.

Kwenye ile riba ya asilimia 8 walikata kodi ya asilimia 20 kabla ya kunilipa. Wengi huiacha hapo. Lakini tangu Aprili 2016 mlipa kodi wa kiwango cha kawaida anaruhusiwa riba ya hadi pauni 1,000 kwa mwaka bila kodi, na mimi sikuwa na akiba nyingine yenye riba. Fomu inaitwa R40, inapatikana kwenye tovuti ya serikali, na unaweza kurudi nyuma hadi miaka minne ya kodi. Nilijaza kiasi cha riba na kiasi cha kodi kama vilivyoandikwa kwenye hati ya malipo ya benki, nikatuma, na mamlaka ya kodi ikanirudishia kodi yote iliyokatwa.